Navuta, Lakini Haifiki

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)

Ndugu msikilizaji, mimi nina deni kwa shangazi yangu, na leo nimeona nilikiri hadharani kabla sijaendelea na lolote.

Shangazi anaishi Ruanda. Ukiwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Ruanda wanakuuliza kama pasipoti yako bado hai. La, sisemi Ruanda ya Kigali. Nasema Kata ya Ruanda, Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Ukitoka Songea unafuata barabara ya Mbinga mpaka Kitai, hapo unaiacha, unashika njia inayoteremka kuelekea Lituhi na Bandari ya Ndumbi kwenye Ziwa Nyasa. Siku hizi watu wengi wanaijua kwa sababu ya makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu 2011, na malori yake ukikutana nayo wakati wa kiangazi unafunga vioo na kungoja vumbi litue.

Shangazi hajawahi kufanya kazi mgodini. Sigara hajavuta hata moja. Kazi yake ilikuwa kulima na kupika, na amepika kwa kuni tangu alipokuwa binti wa miaka kumi na kitu mpaka amepita sabini, katika jiko la udongo lisilo na dirisha, moshi ukitafuta njia ya kutokea kwenye nyasi za paa. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 55, mara mbili au tatu kwa siku.

Mwaka juzi nilikwenda kumsalimu. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, ameinama mbele, viganja vimeshika magoti, mabega yamepanda juu kama mtu anayesikia baridi. Nikamwamkia: “Shikamoo shangazi.” Akaniitikia kwa kichwa kwanza. Marahaba yake ilichelewa, ikaja ikiwa imekatika vipande viwili. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: “Navuta, mwanangu, lakini haifiki.”

Na mimi, msomi wa familia, nikamjibu nini? Nikamwambia: “Shangazi, jikaze. Vuta pumzi vizuri, polepole, utaona.”

Hilo ndilo deni langu.

Nilikuta kila mtu pale ana maelezo yake. Jirani mmoja alisema ni pumu. Mwingine alinivuta kando akaninong’oneza kwamba mama huyu ana mtu wake anayemfunga kifua usiku. Mke wa binamu yangu, ambaye ndiye anayemtunza na simlaumu, alisema mama siku hizi amekuwa anadeka, kazi ndogo tu kama kuchota maji ya kunawa anaiacha katikati. Na kituo kimoja cha tiba, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimemmalizisha miezi 6 ya dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yake yalipopimwa hayakuonekana na vijidudu.

Baadaye ndipo nilipokutana na daktari mmoja pale Songea, kijana mtaratibu, akachukua bahasha kuukuu akanichorea mgongoni mwake. Nilipotoka kwake nilikuwa na aibu. Tangu siku hiyo nimesoma nilichoweza kusoma juu ya jambo hili, na ndilo ninalotaka kukusimulia leo, kwa sababu nina hakika katika nyumba yako, au ya jirani yako pale Manzese, Mwanjelwa au Kirumba, yuko mzee mwenye kigoda kama kile.

Tuanze na pumzi ya mtu mzima, mwenye afya. Wewe unayenisikiliza unapumua kama mara 15 kwa dakika. Zidisha: ni mara 21,600 kwa siku. Hukuamua hata moja. Moyo una mtambo wake wa kujipigisha, na ukitolewa kifuani utaendelea kupiga kwa muda mfupi. Mapafu hayana mtambo wa namna hiyo. Hayana hata msuli wa kuyapanua. Ni kama mifuko miwili inayongoja kuvutwa. Inayovuta ni misuli iliyoyazunguka, na misuli hiyo haiendi mpaka iagizwe. Kila pumzi moja ni amri iliyotoka kichwani.

Amri hiyo inatoka kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoishia na uti wa mgongo unapoanzia, chini kidogo ya kisogo. Wanasayansi walijua tangu mwanzo wa karne ya 19 kwamba mamlaka yako hapo, lakini ilikuwa 1991 ndipo kundi la watafiti, akiwamo Mmarekani Jack Feldman, lilipoonyesha kijisehemu chenyewe kinachopiga mdundo, kifungu kidogo cha seli upande wa kulia na kingine kushoto. Wakakipa jina linalotokana na mvinyo wa kijiji kimoja cha Ujerumani, maana sehemu ya jirani yake ilikuwa imebatizwa kwa chupa iliyokuwa mezani wakati wa mkutano. Kwa hiyo wewe na mimi tunapumua kwa hisani ya kitu chenye jina la chupa. Wataalamu nao ni watu.

Kutoka hapo amri inateremka kwenye uti wa mgongo mpaka shingoni, kwenye pingili ya tatu, ya nne na ya tano, na hapo inatoka kwa mishipa miwili mirefu ya fahamu inayopita kando ya moyo, mmoja kila upande, hadi kwenye msuli mkuu wa kupumua. Ndiyo maana mtu akianguka mwembeni akavunjika shingo chini ya hapo anaweza kupooza mikono na miguu na bado akapumua, na akivunjika juu ya hapo, bila mashine, hafiki hospitali.

Msuli huo mkuu unaitwa kiwambo. Jina zuri kabisa, maana umewambwa kama ngozi ya ngoma kati ya kifua na tumbo. Ila haukukaa bapa kama ngozi ya ngoma. Umeinuka katikati kama bakuli lililofunikwa. Amri ikifika, kiwambo kinajikaza, bakuli linashuka, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia. Amri ikikoma, kinalegea, bakuli linapanda, hewa inatoka. Kwa mtu aliyetulia kazi karibu yote ni hiyo.

Je, ubongo unajuaje utoe amri kubwa au ndogo? Wengi tunadhani unapima oksijeni. Kwa kiasi kikubwa haupimi hiyo. Mwaka 1905 Mwingereza John Scott Haldane na mwenzake Priestley walionyesha kwamba kinachotawala pumzi ya kila siku ni hewa ya ukaa, ile tunayoitoa. Ikizidi kidogo tu katika damu, damu inakuwa na uchachu, na shina la ubongo linaonja uchachu huo na kuongeza amri. Oksijeni nayo ina walinzi wake, vijinundu viwili kwenye mishipa mikubwa ya damu shingoni, na Mbelgiji Corneille Heymans alipata Tuzo ya Nobel ya 1938 kwa kueleza kazi yao. Lakini walinzi hao hupiga kelele hasa oksijeni inapokuwa imeshuka sana. Meneja wa kila siku ni uchachu.

Basi huo ndio mtambo ukiwa mzima. Sasa turudi kwa shangazi.

Ugonjwa wake unaitwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Moshi wa miaka mingi umezifanya njia ndogo za hewa kuwa nyembamba na zenye makamasi, na umekula kuta za vifuko vidogo mwishoni mwa njia hizo. Kuta hizo ndizo zilizokuwa zikivishikilia vijibomba hivyo vibaki wazi. Anapovuta hewa, kifua kinapanuka na vijibomba vinavutwa vikafunguka, hewa inaingia. Anapoitoa, vinanywea na kufunga kabla hewa haijaisha. Nyingine inabaki ndani. Juu ya hiyo iliyobaki anavuta nyingine. Mwisho wake mapafu yanakuwa yamejaa wakati wote, kama gunia lililoshindiliwa.

Daktari yule alinifanyisha jaribio, na mimi nakufanyisha wewe, ila kama una ugonjwa wa kifua au unaendesha gari usijaribu. Vuta hewa mpaka kifua kijae. Sasa toa kidogo tu, kama robo. Usitoe zaidi. Vuta tena juu ya hapo. Toa kidogo. Vuta tena. Endelea hivyo huku unahesabu mpaka 30.

Umeona? Hewa unayo, tena nyingi kuliko kawaida, na bado unahisi unakosa hewa. Shingo imeanza kukaza. Mabega yamepanda. Umeshaanza kukaa kama shangazi. Wewe umefanya kwa nusu dakika na umeacha. Yeye hana namna ya kuacha.

Shida ni kwamba gunia likijaa, bakuli linasukumwa chini. Kiwambo ambacho kilikuwa bakuli kinakuwa sahani. Na sahani ikijikaza haishuki tena, maana imeshashuka. Mwambie mtu anyanyue ndoo wakati kiwiko chake kimekwisha kukunjwa mpaka mwisho: mkono una nguvu, lakini hauna pa kwenda.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kwa miaka mingi hata waganga wa hospitali walidhani kwamba kwa wagonjwa hawa labda ubongo umechoka, amri imepungua, au msuli umelegea. Mwaka 1991 Mfaransa Thomas Similowski na wenzake waliusisimua mshipa wa fahamu wa shingoni kwa umeme ili kupima nguvu ya kiwambo chenyewe bila kumtegemea mgonjwa. Wakakuta kwamba ukilinganisha mgonjwa na mzima kwa kiasi kilekile cha hewa kifuani, kiwambo cha mgonjwa hakikuwa dhaifu kuliko cha mzima.

Kisha 1997 André De Troyer wa Ubelgiji, Simon Gandevia wa Australia na wenzao walifanya jambo linalotaka moyo wa chuma, kwa mpimaji na kwa mpimwaji. Walipitisha sindano nyembamba ubavuni mpaka ndani ya kiwambo, wakasikiliza amri zinavyofika, nyuzi moja moja, mtu akiwa ametulia tu anapumua. Kwa watu wazima wa rika lilelile, nyuzi za msuli zilipokea amri kama mara 10 au 11 kwa sekunde. Kwa wagonjwa waliozidiwa, karibu mara 18.

Rudia hesabu hiyo polepole, ndugu msikilizaji. Mgonjwa ameketi kwenye kigoda, hafanyi kitu, na ubongo wake unakiamuru kiwambo karibu mara mbili ya wako. Na kwa kuwa hicho hakitoshi, unaiamuru pia misuli ya kati ya mbavu na misuli ya shingo, ambayo kwako wewe uliyetulia ina kazi ndogo. Ile mishipa unayoiona ikisimama shingoni mwa mzee ni misuli inayofanya kibarua cha kiwambo. Mwaka huohuo wa 1997 madaktari wa Marekani walichapisha vipimo vya vipande vidogo vya kiwambo cha wagonjwa walipokuwa wakipasuliwa, wakakuta nyuzi zimebadilika, zile za haraka zimepungua na zile zisizochoka upesi zimeongezeka. Msuli ulikuwa umejigeuza kuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Kifuani mwa shangazi kulikuwa na Juma Ikangaa akikimbia Marathoni ya New York usiku na mchana, na mimi nasimama kando ya barabara namwambia ajikaze.

Na lile neno lake, “haifiki”? Nalo lina maelezo yake, na mimi huliona ndilo sehemu ya kustaajabisha kuliko zote. Wale waliowahi kufanya kazi serikalini wanajua barua ya ofisi: inakwenda kwa mhusika, na chini imeandikwa nakala kwa fulani. Inaelekea shina la ubongo linapotuma amri kwenye misuli, nakala inapanda juu kwenye sehemu ya ubongo inayohisi. Ubongo unangoja taarifa ya utekelezaji irudi kutoka kifuani: mbavu zimepanuka kiasi hiki, mapafu yamevutika kiasi hiki. Amri na taarifa vikilingana, huhisi lolote, na ndiyo maana hukumbuki ulivyopumua tangu asubuhi. Kwa shangazi amri ni kubwa mno na taarifa inayorudi ni ndogo. Tofauti hiyo ndiyo anayoihisi kama kiu ya hewa. Wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya tofauti hiyo. Mama aliyeishia darasa la pili aliieleza kwa maneno matatu.

Kwa hiyo ukimwambia “vuta zaidi” unamwongezea tatizo, maana gunia limejaa. Kinachosaidia ni kutoa. Na hapa nataka tuwaheshimu wazee hawa, kwa sababu wengi wameligundua wenyewe bila kufundishwa. Tazama anavyochomoza midomo anapotoa hewa, kama anayepoza chai. Kule kubana midomo kunaweka shinikizo kidogo kwenye vijibomba visifunge mapema, na kunampunguzia kasi, hewa inapata muda wa kutoka. Tazama viganja magotini: mabega yakishikiliwa na mikono, misuli inayotoka mabegani na shingoni kwenda mbavuni inapata pa kuegemea, sasa inavuta mbavu juu. Tumbo likisukumwa kwa kuinama, sahani inarudi kuwa bakuli kidogo. Sisi tunamwambia: “Mama, kaa wima kama watu.” Mwache ainame!

Jambo la usiku nalitaja kwa uchungu. Tunapokuwa katika usingizi wenye ndoto, ubongo unailegeza karibu misuli yote ya mwili ili tusiamke na kuanza kuzitenda ndoto zetu. Misuli ya shingo na ya mbavu inalegezwa pia. Kinachoachwa kazini ni kiwambo peke yake. Kwako si kitu. Kwa mtu mwenye kiwambo kilichokuwa sahani, wale vibarua wote wameachishwa kazi kwa mpigo, na oksijeni yake inashuka wakati huo. Ndipo anapoamka anatweta, anakaa kitandani, anasema usiku kuna mtu anamfunga kifua. Hakuna mtu.

Shangazi alikwenda mahali pamoja kulalamika kwamba halali. Akapewa vidonge vya usingizi. Aliyempa alikuwa na nia njema, sina shaka, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini vidonge vya namna ile, sawasawa na pombe nyingi na dawa za kikohozi zenye asili ya afyuni, vinapunguza ile amri kwenye shina la ubongo. Yaani yule anayeishi kwa kuamuru mara mbili anapunguziwa amri. Asubuhi ya pili hakuamka kwa kuitwa. Alikuwa anapumua kidogo kidogo, midomo ina rangi ya zambarau, macho hayafunguki. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, mpaka kwenye gari. Mungu alikuwa na kazi naye bado. Kama una mzee wa namna hii nyumbani, usimnunulie dawa ya usingizi dukani, na ukienda naye hospitali sema wazi: huyu ana ugonjwa sugu wa mapafu.

Sema hivyo hata pale anapowekewa oksijeni. Tangu wakati wa UVIKO tumezoea mitungi na kile kibanio cha kidoleni, na kila ndugu wa mgonjwa anataka kibanio kisome 100. Kwa wagonjwa hawa madaktari wanalenga 88 hadi 92. Oksijeni ikizidi, hewa ya ukaa inaweza kupanda na mgonjwa akasinzia moja kwa moja. Zamani ilielezwa kwamba ubongo unadanganyika na kuacha kuamuru. Siku hizi inajulikana kwamba hiyo ni sehemu ndogo, na sababu kubwa zaidi ni jinsi damu inavyoelekezwa upya ndani ya mapafu. Huko Tasmania, Australia, jaribio lililochapishwa 2010 lilionyesha kuwa waliopewa oksijeni kwa kipimo tangu kwenye gari la wagonjwa walikufa wachache zaidi kuliko waliofunguliwa mtungi wote. Basi usigombane na muuguzi anayepunguza.

Utaniuliza, je, tatizo hili ni kubwa hapa kwetu, au ni shangazi yako tu? Utafiti uliofanywa katika eneo la vijijini Tanzania na kuchapishwa 2018 ulikuta kwamba kati ya waliopimwa wenye umri wa miaka 35 na zaidi, karibu 17 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Wengi hawaujui hata kwa jina. Chanzo si kuni peke yake. Kuna tumbaku. Kuna kifua kikuu, ambacho kikipona kinaweza kuacha makovu yanayobana njia za hewa, na huyu ndiye tunayemwanzishia tena dawa zilezile kila akikohoa. Na kuna vumbi. Kwa wenzetu wa upande wa Mbeya, kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, Simon Mamuya wa Muhimbili na wenzake walichapisha 2007 kwamba wafanyakazi wa sehemu ya kufungua njia za mgodi, kwenye vumbi zaidi, ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za kifua. Vijana wa Ruanda walioajiriwa kwenye makaa, na wale wanaoshinda kando ya barabara yanapopita, wanastahili kupimwa kwa ile mashine ya kupuliza wakiwa bado vijana, kifua kikiwa bado na akiba. Kifua huficha hasara yake kwa miaka. Ukianza kutweta akiba imekwisha kuliwa.

Kuhusu jiko, Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wameachana na kuni na mkaa. Lengo ni zuri. Mimi nauliza tu mtungi wa gesi ukiisha kule bondeni mama atakwenda kuujaza wapi, na kwa nauli ya nani. Mpaka hapo patakapopata jibu, dirisha kwenye jiko halihitaji mkakati. Binamu yangu alilitoboa kwa sururu Jumamosi moja kabla ya saa 6 mchana. Sasa shangazi hapiki tena, anaelekeza, na siku zisizo na mvua mafiga yako nje.

Dawa anayo ya kuvuta kwa mdomo, ikipatikana. Kilichotushangaza sote ni mazoezi. Unadhani mtu anayetweta akae kitako apumzike, na kila anavyokaa miguu inadhoofu, na miguu iliyodhoofu inachacha upesi, na tulisema uchachu ndio unaopigia ubongo kelele. Kwa hiyo kutembea kila siku, kidogo kidogo, kunapunguza kelele hiyo hata kama mapafu yenyewe hayaponi. Pale Mulago, Kampala, watu waliobaki na mapafu ya makovu baada ya kifua kikuu walifanyishwa mazoezi kwa wiki 6, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha wakitembea mbali zaidi kuliko walipoanza. Mapafu yalikuwa yaleyale.

Mke wa binamu yangu ndiye aliyemsimamia. Kila asubuhi hatua 10, kisha 15, midomo imebanwa, akichoka anaegemea fimbo. Neno la kudeka halisikiki tena pale nyumbani, nami sikulikumbusha.

Nilipokwenda mwezi uliopita nilimwambia: “Shangazi, naomba unisamehe. Siku ile nilikuambia ujikaze, kumbe ulikuwa umejikaza mara mbili yetu.” Akacheka, kicheko kikamletea kikohozi, kikohozi kikamkalisha chini. Alipopata pumzi akasema yeye alishasahau, ila kama nina sukari ya kumwachia hatakataa.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye mwembe, kama hatua 70 kutoka mlangoni. Alisimama mara mbili njiani. Mwaka juzi aliniagia akiwa kwenye kigoda.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.